Lulu, Farasi Aliyebaki Kinondo

Wenzangu wa banda,

Mwezi uliopita niliacha kazi ya farasi. Magoti yangu yamepumzika, lakini mdomo haujapumzika, ndiyo maana mmenipa daftari na kuniambia, "Mzee Bakari, andika badala ya kutusumbua." Haya, naandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Hayo hayamfundishi mtu kuinua kwato. Nitaandika miaka ya mwanzo, ile ya Uhuru, kwa sababu ndipo nilipoijua kazi hii, na kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio mpaka mke wangu ananiuliza kama nina homa.

Nilikuwa mkwezi wa minazi, mtu mzima, nimeoa, na sikuwa nimewahi kumgusa farasi. Siku moja nilikuwa Diani nikiangua nazi katika shamba la mama mmoja wa Kizungu, mjane, tuliyemwita Bi Helen. Nilipofika juu ya mnazi wa tatu nikamwona mnyama wa rangi ya kijivu anatoka baharini, maji yanamchuruzika tumboni, na mzee mmoja mwembamba anatembea mbele yake ameshika kamba kwa vidole viwili tu. Hamvuti. Wanatembea kama watu wawili wanaotoka kuoga. Nikasahau panga langu liko wapi.

Yule mzee akainua kichwa. "Wewe wa juu! Ukimwangushia huyu nazi, nitapanda huko huko nikufuate!"

Nikashuka mbio. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamwogopa farasi?"

"Namwogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa huvunjwa mbavu. Kesho njoo, natafuta saisi wa pili, mtu wa kutunza farasi."

Huyo ndiye Mzee Galgalo, Mborana wa kaskazini, aliyezaliwa kwa watu wanaofuga farasi tangu babu na babu. Alikuwa ameshuka pwani na farasi wa Bi Helen, akabaki nao. Farasi walikuwa wanne: dume moja jeusi lililoitwa Simba, madume mawili yaliyohasiwa, ya kahawia, na yule wa kijivu niliyemwona, jike, jina lake Lulu. Lulu alikuwa kipofu wa jicho la kushoto.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati langu jeupe la Ijumaa, nikidhani kazi ya farasi ni ya kiungwana. Mzee Galgalo alinitazama, akanipa ufagio na karai. Kwa wiki mbili nilizoa mavi tu. Sikuruhusiwa kumgusa farasi, ila niliamriwa kuyatazama hayo mavi vizuri kabla ya kuyatupa.

"Farasi hana mdomo wa kukwambia anaumwa," alisema. "Atakwambia kwa hayo."

Akachukua konzi moja, akayavuruga katika ndoo ya maji, akasubiri, kisha akamwaga maji polepole. Chini ya ndoo ulibaki mchanga, kiasi cha vijiko viwili. "Huu umetoka tumboni. Ukizidi, farasi anajitazama ubavu, anagaagaa, anakufa." Ndiyo maana mpaka mwezi uliopita niliwagombeza kila mlipomtupia farasi nyasi chini. Huku kwetu chini ni mchanga. Nyasi ni za kuwekwa horini, na hori liinuliwe usawa wa kifua cha farasi, na ile ndoo ya maji muifanye kila wiki. Wengine wenu mlidhani ni uchawi wa Kidigo. Ni wa Kiborana.

Kwato nilijifunza kwa maumivu. Mguu wa farasi hauinuliwi kwa nguvu. Unasimama ubavuni umetazama mkia, unateremsha mkono kutoka begani mpaka chini, unamwegemea kidogo, naye mwenyewe anakupa mguu. Halafu unachokoa mchanga na vipande vya matumbawe kwa chuma kilichopindwa, kutoka kisiginoni kwenda mbele. Mimi siku ya kwanza nilipita nyuma ya Simba bila kusema neno. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimekaa ndani ya hori na miguu yangu iko nje. Mzee Galgalo alikuja mbio, akachungulia, akauliza, "Hori limevunjika?"

Kupanda nilijifunzia kwa Lulu. Mzee Galgalo hakunipa tandiko. Alinikalisha mgongo mtupu, akaniambia niweke mikono kichwani, akamzungusha Lulu kwa kamba ndefu mpaka nikaanguka, nikapanda, nikaanguka. Mchanga wa Diani ni laini, lakini si laini kama watalii wanavyosema. Siku ya tisa sikuanguka. Lulu akaanza ile mbio ndogo tunayoiita telki, nikahisi mgongo wake unanisukuma na mimi namfuata, sihesabu tena, siogopi tena, na nilipiga kelele ya furaha mpaka wavuvi wa pweza kwenye mwamba wakageuka. Tangu hapo sikupanda mnazi kwa roho moja.

Lulu alikuwa na desturi yake. Ukimjia upande wa kushoto, sharti useme kwanza. Ukisema, anakugeuzia sikio, basi, umeruhusiwa. Usiposema, alikuwa akikukanyaga kwa utaratibu, kama mtu anayeweka muhuri.

Sasa niungame jambo ambalo sikumwambia hata Mzee Galgalo. Siku moja alikuwa amekwenda Likoni kuchukua pumba, mimi peke yangu bandani, Simba akaruka ua akaingia kwa Lulu. Nilimtoa kwa shida nikamrudisha, nikaupigilia ua misumari, nikanyamaza. Nilijiambia hakuna kilichotokea. Mtu akiogopa kufukuzwa kazi huwa mwepesi wa kujidanganya.

Uhuru ukaja. Kwetu Kinondo ngoma zilipigwa siku tatu, na mimi nilicheza mpaka viatu vikaniacha. Miezi michache baadaye Bi Helen akatuita barazani. Alisema Kiswahili chake cha siku zote, kisicho na tafadhali, lakini siku hiyo sauti ilikuwa chini.

"Mimi narudi kwetu. Farasi watatu wamepata watu Nairobi. Galgalo atakwenda nao kwa treni."

"Na Lulu?" nikauliza.

Akatazama baharini. "Lulu hana mtu. Jicho moja, na amekonda. Alhamisi bwana mmoja atakuja na bunduki."

Nilihisi kama nimepigwa teke mara ya pili. Mzee Galgalo alitazama mikono yake. Kumbe walikuwa wameshazungumza.

"Memsahibu," nikasema, "nipe mimi."

"Hapana. Nimeona farasi walioachwa. Wanafungwa mikokoteni mpaka wanaanguka. Afadhali afe mimi nikiwa nimemshika kichwa."

Nataka mnielewe hapa, vijana. Yule mama hakuwa mkatili. Alikuwa analia, na alikuwa anampenda yule mnyama kuliko watu wengi aliowajua. Lakini nami nilikuwa nimejifunza kupanda juu ya mgongo ule, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa.

"Niulize," nikamwambia. "Niulize lolote la farasi. Nikikosa moja, mlete huyo mwenye bunduki."

Akanitazama. Akauliza: akitoka jasho jingi? Nikasema simpi maji ya kujaza tumbo, namtembeza kwanza, nampa kidogo kidogo. Akiugua homa, akavimba miguu, akakonda huku anakula? Nikasema mbung'o huyo, ndiyo maana hatumpeleki upande wa msitu wa Shimba, na hatuvai nguo ya buluu bandani, kwa kuwa mbung'o huipenda. Na mchanga? Nikaeleza ndoo. Kwato? Nikamwomba anyamaze kidogo, nikaenda upande wa kushoto wa Lulu, nikasema, "Mama Lulu, ni mimi." Sikio likageuka. Nikateremsha mkono, naye akanipa mguu kabla sijaomba.

Bi Helen akamgeukia Mzee Galgalo. "Unasemaje?"

"Memsahibu," Mzee akasema, "mimi nimewafundisha watu kumi na zaidi. Huyu ndiye ameanguka sana. Na ndiye amerudi sana."

Basi. Bi Helen akaandika karatasi kwamba Lulu ni wangu, akaniachia brashi mbili, chuma cha kwato, na tandiko kuukuu. Siku ya kuondoka Mzee Galgalo alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akasema, "Usimlishe chini." Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri. Lori lilipopotea njia ya Likoni, nilibaki barabarani na farasi mmoja, peke yangu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilijionea haya.

Nilimpeleka Kinondo kwa mguu. Watu walitoka majumbani. Mke wangu, Mwanakombo, alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Bakari, huyu ni nani?"

"Ni Lulu."

"Umeniletea mke mwenza mwenye miguu minne?"

"Huyu hataki chumba."

"Leo hataki," akasema, akarudi jikoni. Lakini jioni nilimwona amempelekea maganda ya mihogo, na anamwambia, kwa upande wa kulia, mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa.

Banda nililijenga kwa makuti chini ya minazi. Halafu nikatazama juu. Nilipanda kila mnazi ulio karibu nikaangua nazi zote, mbichi na kavu, isije ikamwangukia Lulu hata moja, mpaka jirani yangu akaniuliza kama nimepandwa na wazimu. Asubuhi nilikwea minazi ya watu, mchana nilikata nyasi, na mashudu ya nazi niliyapata kwa wakamuaji mafuta. Lulu alinenepa. Baada ya miezi mitano alinenepa zaidi. Tumbo lilishuka, likatanuka, nami nikaogopa minyoo, nikaogopa mchanga, kila siku naivuruga ndoo na ndoo iko safi.

Aliyenifumbua macho ni Bi Mwanasha. Huyu alikuwa mkunga wa Kinondo, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo na sauti kubwa, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa kijiji, mimi nikiwemo, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Alipita akisalimu, akasimama, akaweka kiganja ubavuni mwa Lulu, akafumba macho.

"Bakari, mwanangu. Huyu hana minyoo. Ana mtu ndani."

Nikaukumbuka ule ua, na misumari, na kimya changu. Nikakaa chini.

Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja, hilo nililijua. Na Mzee Galgalo aliwahi kunisimulia, tukipiga brashi, jinsi farasi wa baba yake walivyozaa: miguu miwili ya mbele na pua juu yake, kama mtu anayejitosa majini. Ukiona vinginevyo, alisema, una muda wa kupika chai tu, halafu unapoteza wote wawili. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo. Nilikwenda Kwale kumwuliza daktari wa mifugo, mtu mwema, akaniambia kweli kwamba farasi hajawahi kumzalisha, lakini nikimwita atakuja.

Wote mnajua kwamba farasi huzaa usiku, watu wakiwa wamelala. Lulu alichagua Ijumaa, saa saba mchana, watu wanatoka msikitini. Nilimkuta amelala, jasho linamtoka, chupa ya uzazi imeshapasuka. Nikatuma ujumbe kwa baiskeli kwenda Kwale, na kumbe daktari alikuwa Samburu ya huku pwani anachanja ng'ombe. Nikatazama. Mguu mmoja. Pua. Nikasubiri. Mguu mmoja. Pua. Lulu akasukuma mpaka akaguna, na hakuna kilichosogea.

"Mwanakombo! Mwite Bi Mwanasha! Kimbia!"

Bi Mwanasha alikuja na chupa ya mafuta ya nazi mkononi, buibui ameshalivua, wanaume wa kijiji wote wako nyuma yake na kanzu zao. Aliwageukia. "Nyinyi mna nini hapa? Mlizaa nyinyi?" Wakarudi nyuma hatua tatu, wasiondoke.

"Uko wapi mguu wa pili?" akaniuliza.

"Umekunjika ndani."

"Kama mtoto aliyeweka mkono vibaya."

"Kama hivyo."

"Mwinue mama. Akilala anasukuma bure, anatufungia mlango."

Nilikuwa sijui hilo. Nikamshika Lulu hatamu, nikamsemesha, nikamwomba, naye akainuka akitetemeka. Bi Mwanasha akajipaka mafuta mpaka begani.

"Upande wa kushoto haoni," nikamwonya. "Sema kwanza."

"Dada," Bi Mwanasha akamwambia Lulu, "ni mimi. Mambo haya nayajua." Akaingiza mkono.

Wenzangu, sijawahi kuona uso wa mtu umetulia namna ile. Macho yake yalikuwa kwenye mnazi, lakini alikuwa anaona kwa vidole. "Hili goti," akasema. "Kichwa nakirudisha ndani kidogo... tulia, dada... Ukucha huu mkali, utamchana."

"Ufunike!" nikapiga kelele. "Ifunike kwato kwa kiganja, uilete mbele ukiwa umeifunika!"

"Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa." Lakini aliifunika. Lulu akabana, na Bi Mwanasha akauma meno, mkono wake umebanwa kama uko kwenye mlango, wala hakuutoa. Akangoja. Lulu akalegea. Bega la Bi Mwanasha likazunguka mara moja.

"Imekuja!"

Miguu miwili. Na pua juu yake, kama mtu anayejitosa majini. Tukavuta pamoja, kuelekea chini, kila Lulu alipobana, tukapumzika alipopumzika, na kwa mara ya nne mtoto akatuteremkia sote wawili, tukaanguka naye mchangani, weusi na utelezi na miguu isiyo na mwisho.

Hakupumua.

Nikamfuta pua, nikamsugua kifua kwa nyasi kwa nguvu zangu zote. Kimya. Bi Mwanasha akachomoa ukuti mmoja mwembamba, akamtia puani akamtekenya. Mara moja. Mara mbili. Yule mtoto akapiga chafya akamrushia uteute usoni, na kijiji kizima, wanaume wa kanzu na wote, wakapiga ukelele mmoja ambao Lulu aliujibu. Mwanakombo alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mimi nililia mbele ya watu, sikujali, sijali hata leo.

Bi Mwanasha hakulia. Alingoja kondo la nyuma litoke, akalitandaza mchangani kama anayekagua kanzu iliyotoka kwa fundi, akahakikisha halikupungua kipande. "Kikibaki kipande ndani, mama ataugua. Hata kwenu huko kwa farasi ni vivyo hivyo?" Nikasema sijui. "Basi sasa unajua." Na ninyi pia sasa mnajua.

Yule mtoto alijaribu kusimama. Akaanguka kwa miguu ya mbele, akaanguka kwa ya nyuma, akaanguka kwa yote. Kila akianguka watu walisema "Pole!" kwa pamoja. Alipoweza, alisimama miguu imeachana kama stuli ya kuazima, akamtafuta mama yake, akapita, akagonga mnazi, akarudi, akanyonya. Alikuwa jike, jeusi kama baba yake. Tukamwita Ijumaa.

Miaka minne nilimlea bila kumpanda, maana mgongo wa farasi huchelewa kukomaa, na hili narudia kwa wale wenye haraka. Nilimzoesha kamba, kisha lijamu, kile chuma cha mdomoni, nikiipaka asali, kisha gunia mgongoni, kisha tandiko tupu. Mwishoni nikampanda mimi, taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka nikaona hana hila. Wakati huo hoteli ya kwanza jirani yetu ilishaanza kuuliza kama kuna farasi wa kuwatembeza wageni, na Lulu na Ijumaa ndio waliokuja kuwa farasi wa kwanza wa banda hili mnalolifanyia kazi. Nikaamua kumshusha Ijumaa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, watu wamwone kabla ya mgeni yeyote.

Kinondo nzima ilikuja. Nilipokaza ukanda wa tandiko nikasikia sauti kubwa nyuma yangu.

"Teremsha hicho kikuku cha kukanyagia, sikifikii. Miguu yangu mifupi."

Bi Mwanasha. Alikuwa ameshapita sitini, buibui amelifunga kiunoni.

"Bi Mwanasha, huyu bado ni mchanga, na wewe..."

"Na mimi nini?"

Mwanakombo alicheka akaniletea kigoda. Nilimpandisha, nikamwonyesha hatamu, nikamwambia visigino chini, mgongo wima, usivute mdomo wake. Nikashika kamba, tukaanza kutembea pembeni mwa maji. Ijumaa aligeuza masikio nyuma akimsikiliza, maana Bi Mwanasha alikuwa anamsemesha njia nzima, kwa Kidigo, mambo ya wazazi wake na siku aliyozaliwa. Tukafika mchanga mgumu.

"Anakwendaje mbio?" akauliza.

"Leo hatuendi mbio."

"Bakari."

"Naam."

"Mkono wangu huu ulikaa ndani ya mama yake. Niachie kamba."

Nikatazama ufuo mbele yetu, mweupe, mtupu, mpaka kule Galu. Nikaachia. Ijumaa akashika telki, na yule mama mfupi akaruka juu ya tandiko mara mbili, tatu, nikafunga macho. Nilipofumbua alikuwa ameshaupata mwendo, mgongo wima, visigino chini, buibui likipepea nyuma, anakwenda, anakwenda, na sauti yake kubwa inarudi kwetu na upepo, akicheka kama msichana.